Kitufe Chekundu

Nyumba hii ya Mkomani aliniachia nyanyangu
na ukuta wa zidaka arubaini na moja.
Zamani zilikaa sahani za Kichina, bakuli za buluu;
leo mnakaa padi za gemu, nyaya zimejikunja
kama paka walioshiba vichwa vya samaki.
Nyanya angelifufuka angeliuliza ziliko sahani,
nami ningelimwambia: ndizo hizi, zimelipa umeme.

Shilingi kumi, dakika kumi.
Televisheni tatu, feni moja, daftari la madeni.

Mwaka juzi nilileta gemu mpya kutoka Mombasa.
Mvua yake ilikuwa mvua,
nywele za mtu zilihesabika unywele kwa unywele.
Watoto waliitazama kama bibi arusi,
wakasema mashaallah,
kisha wakarudi kwenye foleni ya paka.

Paka! Miraba minne ya kijivu, mkia mstari,
anaruka dari hadi dari, basi.
Hana kisa, hana jina. Chini yake kiza.
Anaanguka, na kila aangukapo nasikia lile lile:
"Tena, Bi Mwanakombo. Tena moya."

Nilimuuliza Famau, mtoto wa muuza barafu,
kwani huyu paka ana nini?
Akafikiri hadi dakika zake mbili zikapotea.
"Ile mpya ukifa hujui nani amekuua.
Paka akianguka
ni mimi. Ukingo naliuona. Nalikuwa na papara."
Akarudisha mato kwenye skrini.
Sijapata kumsikia akikiri kosa, hata chuoni mbele ya fimbo.

Basi nikacheza usiku, mlango nimetia komeo,
mimi, wa miaka hamsini na tatu na goti bovu.
Kidole kikigusa, paka yuko juu tayari.
Ukibonyeza kidogo anaruka kidogo, ukikaza anapaa,
na kuna mahali, baada ya dari ya saba,
ambapo muziki unaondoka bila kuaga
na unasikia makucha yake tu kwenye chokaa:
tk, tk.
Aliyeitengeneza alijua kunyamaza.
Adhana ya alfajiri ikanikuta dari ya tisa.

Sasa sikia ujinga wangu.
Padi ya pili, kitufe chake chekundu kilikuwa kinanata,
kinachelewa kiasi cha kupepesa jicho.
Nikanunua mpira mpya, nikafungua skrubu,
nikapangusa chumvi ya miaka, nikafunga.
Kikawa chepesi kama ulimi wa mfitini.

Mwanaidi akaishika, akaanguka dari ya kwanza.
Ya kwanza! Yeye aliyekwisha kufika ya kumi na nne.
Akaiweka mkekani taratibu,
kama aliyepakatishwa mtoto asiye wake.
"Imekufa," akasema.
Nikamwambia, imepona.
"Imepona, lakini hainiyui."

Siku tatu padi ile ilikaa kidakani mwake,
safi, nzima, haina mtu.
Ya nne nikachakura kopo la misumari,
nikaupata ule mpira wa kale, umepasuka upande,
nikaurudisha kwa ncha ya kisu cha jikoni
huku nikijiona mwendawazimu.

Wageni huniuliza, gemu iliyokamilika ni ipi?
Wanataka niwatajie jina waandike.
Nina kitufe kinachochelewa
na msichana wa miaka kumi na moja anayekitangulia,
anabonyeza kabla ya haja,
kwa kipimo ambacho hakumo ndani ya gemu
wala mimi sikumfundisha.

Jana alikuwa dari ya kumi na tano.
Foleni nzima imenyamaza, feni peke yake inasema.
Paka amekwisha kuruka, miguu yote minne hewani,
umeme ukakatika.

Nilingoja kelele. Hakuna aliyepiga.
Gizani nikasikia kitufe kikishuka, kikinata,
kisha, kwa wakati wake,
kikirudi.