Zamu

Walinikamata Birere, siku ya soko,
chukudu yangu imebeba magunia sita ya makaa.
Wakadai kitambulisho. Nikatoa kadi ya kura,
picha imefutika, yamebaki masikio tu.
"Masikio yanatosha," akasema mkubwa wao,
"askari kazi yake kusikia."
Yale makaa sijui nani aliyapikia.

Wiki tatu za mafunzo, risasi tano za kujaribia.
Kisha kilima hiki, juu ya barabara ya Sake,
mawe meusi yanayokula soli za viatu,
na usiku, kwa mbali, wekundu wa Nyiragongo,
kana kwamba mlima nao umewasha sigara
unangoja tumalize.

Sasa mnaniuliza, ninyi wa viti vya plastiki,
kwa nini hamkukimbia?
Mnataka niseme nchi.
Au niseme woga. Kweli, nyuma yetu, kwenye kona,
walikuwapo wenye kamba na fimbo, wakingoja watoro.
Lakini ukungu wa alfajiri ungetuficha,
na njia ya migombani tuliijua.

Tulikuwa na blanketi moja,
mimi na Cirimwami wa Kabare,
kinyozi, mikono laini, hata bunduki ilimwonea aibu.
Saa mbili analala, mimi macho.
Saa mbili nalala, yeye macho.
Alinidai franga elfu tatu za sigara.
Hakunipenda sana. Na alikoroma.
Kulia kwetu Bauma, asiyesema neno,
akihesabu risasi kama mama anavyohesabu
maharage ya mwisho wa mwezi.

Kila mmoja alitaka kukimbia. Kila mmoja
alingoja mwenzake awe wa kwanza,
maana wa kwanza anaacha pengo,
na pengo lile lina jina la jirani yake.

Saa kumi usiku redio ikabaki na mchanga mdomoni.
Kapiteni alikuwa ameshaondoka na gari,
na sufuria.
Bauma akaja akitambaa: "Twende."
Nikamtazama Cirimwami,
mdomo wazi, vidole vimeshika mkasi asio nao.
Nikasema, "Bado dakika arobaini.
Ni zamu yake kulala."

Bauma akamtukana mama yangu, na mama wa mama yangu.
Kisha akalala kifudifudi ubavuni mwangu,
akatoa risasi zake nne, akazipanga juu ya jiwe,
mbili akazisogeza kwangu.