Mizani ya Barabara ya Nane

Miaka sita nilipima marobota ya mkonge
kwenye ghala la Pongwe, kabla halijafungwa.
Kilo mia mbili na hamsini, robota moja,
na kwa jicho tu nalijua lililoloweshwa maji
ili lidanganye.

Basi siwezi kusema sikuuona uongo
siku nilipoketi mbele ya watu watatu
kule Raskazone, hoteli mpya, rangi bado inanuka,
vyeti vyangu mapajani, ndani ya bahasha ya kaki.

Tangazo lilitaka karani wa mapokezi,
ajuaye hesabu, mwenye kauli njema kwa wageni.
Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
awe na mwonekano.
Upi, halikusema.
Nami naonekana. Tangu Chumbageni naonekana.

Kiti kilikuwa cha mikono.
Nilikikalia upande, kama aliyepakiwa baiskeli.
Bwana Semkiwa akakitazama kiti,
hakunitazama mimi,
utadhani kiti ndicho kilichoomba kazi
na majibu yake hayaridhishi.

"Ngazi utaziweza, mama?"
Mama! Nina miaka ishirini na tisa.
Nikamwambia mapokezi yako chini.
Akaandika kitu.
Bahasha haikufunguliwa.

"Usijali," akasema shangazi Mwanahamisi,
"umenawiri, mwanangu, na wenye macho wanaona."
Wanaona, ndiyo. Harusini hunikalisha mbele.
Mwili huu huu waliousugua liwa,
wakaupigia vigelegele,
ukivuka reli kwenda mjini unageuka kosa.

Wala usidhani wembamba una nafuu.
Binamu yangu Mgeni, kiuno cha nyigu,
aliomba kazi ya upishi katika shule moja ya bweni.
Wakamuuliza kama amepima.
"Nimepima nini?"
Wakatazamana. Wakamwambia arudi akipata nafuu.
Hakuwa na ugonjwa, maskini.
Hakuwa na kazi.

Marehemu baba alikuwa mtunzi,
akihesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane,
juu ya kitambaa cha meza.
Usiku ule nikakaa pale pale, nikahesabu:

    Mizani hupima nyama, haipimi mtu moyo,
    hupima gunia zima, na mwenye gunia siyo,
    ukitaka kunipima, niulize nilo nayo,
    kilo ni neno la chuma, mimi sisomwi kwa hiyo.

Sikulipeleka popote. Shairi halilipi umeme.
Kwa vijisenti vilivyobaki vya ghalani
nikanunua mizani ndogo ya kusimamia,
nikaiweka barazani, Barabara ya Nane:
PIMA UZITO, SHILINGI MIA TATU.
Wateja hupanda wamebana pumzi,
kana kwamba pumzi nayo ina kilo.

Kila Jumamosi huja Salha,
yule aliyeipata kazi yangu.
Huvua viatu, saa, bangili,
huvua hata kitambulisho cha hoteli.
Mkataba wake una mstari mmoja: asizidi sitini.
Ana kidaftari. Mimi naandika namba, natia sahihi,
Jumatatu Bwana Semkiwa anakikagua.

Mwanzoni nilimchukia, sifichi.
Nilimwombea chapati.

Jumamosi iliyopita mshale ulisimama
sitini na mbili na kidogo.
Salha hakuuliza. Alinitazama usoni,
mtu wa kwanza kutoka hoteli ile kunitazama usoni,
na vidole vyake vya miguu
vikajikunja juu ya chuma baridi.

Nami, niliyerudisha malori mazima kwa kilo tatu,
niliyegombana na madereva hadi magharibi,
nikachukua kalamu,
nikaandika hamsini na tisa,
nikatia sahihi yangu yote, pamoja na jina la baba.

"Mizani hii mbovu tangu dukani," nikasema.
"Vaa viatu, utachelewa kazini."