Herufi Tatu za Kwanza

Baba alikuwa mnadi wa kondoo mjini Dolgellau.
Ulimi wake ulipiga mbio kuliko mbwa wa malisho:
arobaini, arobaini na mbili, nani ananipa hamsini,
na nyundo ikigonga, mkulima wa Bala keshanunua
kondoo ambao hakuamka na nia ya kuwanunua.

Sasa anasema kwa macho.
Kati yetu nashika ubao wa plastiki angavu.
Mimi natamka herufi,
yeye akiinua nyusi, ndiyo; akifumba macho, siyo.
Herufi moja, pumzi nne za mashine.

Kosa langu ni haraka. Nimezaliwa na mnadi.
Akianza M-A, namletea maji.
Akianza D-I, nafungua dirisha,
mvua ya Machi inamwingia shingoni,
kumbe alikuwa anauliza habari za Dilwyn,
kama goti lake limepona.

Daktari Prosser ni mtu mwema,
ila hunitazama mimi.
"Anakula? Analala?"
kana kwamba nimepeleka gari gereji.
Mama hujibu: "Haambiliki kwa uvumilivu, daktari. Hasumbui."
Baba hufumba macho.
"Amechoka," Mama husema.

Wiki tatu alirudia K-A-B.
Kabati? Nikafungua yote, nikatoa hata soksi za mazishi ya babu.
Kabichi? Mama akaichemsha, akaisaga ikawa uji wa kijani.
Kisha, usiku mmoja, mimi na Mama
tukalifikia neno lile lile kwa wakati mmoja,
tukaliona kama shimo katikati ya njia,
tukalizunguka.
Nikalaza ubao mezani. Nikamwashia redio.

Alhamisi akaja Jincy, muuguzi, mzaliwa wa Kerala,
na Kiwelshi chake cha maneno kumi, yote ya hali ya hewa.
Akavuta kiti mbele ya Baba, si mbele yangu.
"Bwana Idwal, mimi sijui kubahatisha. Nitasubiri."
K.
A.
B.
Nikafumbua mdomo. Jincy akainua kidole bila kugeuka.
Birika likachemka, likajizima.
W.
Hakuna kaburi lenye W.
A.

"Unauliza kama utakufa kwa kukabwa koo?"
Nyusi zikapanda, zikabaki juu
kama nyundo isiyotaka kushuka.

Akamjibu. Yeye, si sisi.
Habari za kisanduku kilichomo frijini nyuma ya siagi,
sindano ipi ni ya nini,
nani apigiwe simu saa nane za usiku,
na kwamba wale aliowauguza, wengi wao,
pumzi iliwapungua polepole, usingizini.
Hakuapa. Alisema: wengi wao.

Mama alikuwa mlangoni na taulo.
"Wiki tatu, Idwal? Wiki tatu unalala na jambo hilo,
na mimi nakusagia kabichi?"
Macho ya Baba yakautafuta ubao.
Mama, ambaye hajawahi kuugusa, akaushika
juu chini. Jincy akamgeuzia.
N, A, S. Mama akatetemeka, hakubahatisha.
Dakika sita.
NASUMBUA.

Mama akacheka, taulo likamponyoka,
kisha kicheko kikageuka kitu kingine
na hakuna aliyemharakisha.
Alipojifuta uso, Baba alikuwa amekwisha kuitazama
herufi inayofuata.