Shaba Isiyolia

Baba yangu Gáspár aliyaua masikio yake kwa nyundo:
miaka arobaini na mmoja ya kufua mitambo ya palinka
katika karakana ya Makó, nyuma ya maghala ya vitunguu,
mpaka shaba ikalia naye asiisikie.

Mimi pia ni mfua shaba. Hucheka nikisema hivyo.
Fuawe yangu haionekani, shaba yangu ni atomu moja,
na kinachoishika si koleo, ni protini:
uzi wa asidi amino mia moja na kumi na tisa
ambao hapo mwanzo haukujua metali yoyote,
ulijikunja kwa ajili ya kazi nyingine
ukaridhika.

Tukabadilisha herufi chache katika jeni yake.
Hapa, ndani kabisa ya mkunjo, histidini mbili,
naitrojeni zao zikitazamana
kama majirani waliogombania mpaka.
Pale, sisteini, salfa yake mbele.
Juu kidogo methionini, mkono mrefu
unaogusa bila kushika.
Tukawapa bakteria wapike. Wakapika.

Mara ya kwanza: kijani cha kutu, kisha hakuna kitu.
Salfa ziliitupa shaba zikashikana zenyewe kwa zenyewe.
Mara ya pili: utando mweupe, yai lililopasukia maji ya moto.
Mara ya tisa Zsombor alitoka kuvuta sigara kando ya Tisza,
akasema asiitwe ila kwa habari.

Novemba nikabadilisha fenilalanini moja tu,
ya pembeni, ambayo hakuna aliyeishuku,
nikadondosha shaba,
na tone lililoingia hafifu, karibu halina rangi,
likawa buluu. Buluu iliyokoza,
buluu ya njiti inapoanza kushika moto.
Na ni salfa ile ile, kumbe: kiberiti ni kiberiti.

Sikumwita Zsombor. Nilikaa nayo kwanza.

Jumamosi nikaipakata ndani ya barafu kwenye basi la Makó.
Baba akainua kichupa mbele ya dirisha la jikoni.
Nikaandika kwenye kibao chake: SHABA.
Akauliza, kwa sauti kubwa ya asiyejisikia,
"Umeikunjaje bila moto?"

Anajua shaba ikipigwa sana hukakamaa,
sharti irudi motoni ndipo isikie tena.
Nikaandika, nikafuta, nikaandika:
ikiwa na elektroni hii moja, hutaka pembe nne za piramidi.
Ikiipoteza, hutaka kulala bapa kama sinia.
Protini haiipi hiki wala kile. Imeibana katikati,
na kwa kuwa haikai raha popote
elektroni huingia na kutoka bila kusitasita.
Akasoma mara mbili.
"Maskini," akasema.
Sikujua anamhurumia nani.

Nikakamua pilipili hoho,
nikachuja kwa karatasi ya kahawa, nikatia tone.
Vitamini iliyomo huikabidhi shaba elektroni.
Buluu ikaondoka. Yote. Yakabaki maji.
Uso wa baba ukawa wa mtu aliyesikia ufa.
IPO, nikaandika haraka, chaki ikavunjika. IPO NDANI.
IMEPEWA TU. HEWA ITAINYANG'ANYA. NGOJA.
Tukaiacha stoo, penye baridi,
kati ya mitungi ya matango ya siki.

Usiku niliamka kunywa maji. Taa ya stoo ilikuwa inawaka.
Alikuwa ameketi juu ya kreti ya vitunguu, blanketi begani,
akigonga kichupa kwa ukucha, taratibu,
akingoja, akigonga tena,
sikio la kushoto, lile lililo afadhali,
limelala juu ya kioo.