Swali la Chini ya Ulimi

Saa nane na dakika sita usiku, Temeke.
Kaingia kwa miguu yake, Bwana Chilongani,
muuza mabomba wa Gerezani,
shati limemganda mgongoni kwa jasho,
anasema ni vidonda vya tumbo tu, keshakunywa maziwa,
na mkewe nyuma, kabeba viatu.

Mimi siamini maziwa.
Mtu anakandamiza kifua kwa ngumi
halafu ananitajia tumbo!
Veneranda, nyaya. Sita kifuani, nne kwenye viungo.
Karatasi ikatoka ikilia kama cherehani,
na mstari uliopaswa kurudi chini
umebaki juu, umevimba
kama kanga kambani ikiingiwa na upepo.

Dakika nne zimekwenda.

Tafuna, baba. Usimeze, tafuna kama karanga.
Oksijeni? Tisini na saba. Acha,
hewa ya Temeke inamtosha.
Sindano mkono wa kushoto,
wa kulia waachie wazibuaji.
Daktari mlangoni: mpe ya chini ya ulimi.
Ngoja, daktari.

"Mama, nenda dirishani wakaandike jina."
Jina lilikwisha andikwa.
Nikainama kwenye sikio lake linalonukia chuma:
"Baba, jana au leo, umekunywa zile
za duka la dawa, za wanaume?"

Feni ilizunguka.
Nimewahi kuona mtu akifa kwa haya,
ndiyo maana sikuona haya kuuliza.

"Jioni," akasema. "Kimoja. Usimwambie."

Nikarudisha kidonge kwenye kopo.
Daktari alinisoma usoni, akanyamaza.

Kisha moyo ukapotea njia.
Kiooni, mwandiko wa mtoto asiyejua kuandika.
"Asiguse mtu!" Sauti ya Veneranda,
siku yake ya tisa wodini, sikujua anayo.
Umeme.
Mwili ukaruka kama mtu aliyeitwa jina.
Nikaweka mikono, nikasukuma, nikahesabu kwa Kimatengo,
namna nilivyofunzwa kuhesabu debe za maharage,
na kwenye kumi na saba akanishika kiganja:
"Sista, unaniumiza."

Gari limeondoka naye kwenda kuzibuliwa,
Barabara ya Kilwa tupu, taa zote kijani.
Kwenye faili nimeandika: ya chini ya ulimi haikutolewa,
na sababu yake, na saa.
Mkewe kaniuliza kabla ya kupanda:
"Ulimnong'oneza nini?"
"Nilimuuliza alikula nini."

Viatu kavisahau kwenye benchi. Namba arobaini na tatu.