Maonyesho ya Ukumbi wa Parokia, Leitrim

Reli yote inalala juu ya meza tatu.
Attracta Gilhooly ameijenga kwa miaka kumi na mmoja
gerejini, kando ya mashine ya kufulia,
kwa kibano, gundi, na miwani miwili puani.
Udongo wa kinamasi ni majani ya chai yaliyokauka.
Mvua ilimshinda, akapaka barabara vanishi,
ikawa imenyesha tangu jana.

Ile ya kweli iling'olewa kabla hajajua kusoma.
Vyuma viliuzwa kwa uzito. Ng'ombe
wanacheua pale abiria walipokatia tiketi.

Watoto wanauliza: ina kasi gani?
Haina, anajibu. Hata ile kubwa,
dereva angeshuka achume uyoga, aidandie tena.

Malachy Tiernan haulizi kitu.
Ameinama, pumzi yake inatikisa kibendera cha mlinzi.
"Mama hakusimama hapo," anasema.
"Alisimama chini ya taa.
Mimi nilikuwa dirishani."

Mama yupi? Yule mwanamke wa risasi
alitoka kwenye pakiti, sita kwa bei ya watano.
Attracta anachukua kibano, anambandua,
anamsogeza upana wa kidole.
"Kidogo tena," anasema Malachy. "Basi."

Swichi. Treni inaondoka,
inapotelea nyuma ya pazia,
ambako ni Boston, ni Liverpool,
ni chupa ya chai ya Attracta na sandwichi yake,
na kwa kuwa reli ni duara
inarudi.

Malachy anatazama saa yake.
"Imechelewa," anasema.