Bawaba

Saa nane usiku, Ulsan, chini ya duka la miwani.
Mimi ndiye ninayechemsha tambi na kufuta kibodi,
naijua harufu ya kila kiti.
Kiti cha arobaini na moja kinanuka chuma kilichoungua:
ni cha Pyo Gil-su, mchomeleaji wa meli,
miaka hamsini na mbili,
vidole vimejaa makovu madogo ya cheche.

Alimchagua Bawaba.
Hakuna anayeanza na Bawaba.
Wavulana wa kiti cha thelathini walicheka
hadi soda ikawatoka puani:
"Ajoshi, chukua yule mwenye rungu,
unapiga, unakufa, unarudi, basi."
Akatikisa kichwa.
Aliupenda mlango.

Maana Bawaba habebi ngao, habebi ukuta.
Abeba mlango wa chuma, fremu na kila kitu.
Ukiufunga, risasi zinagonga na kuanguka,
lakini wenzako nao hawana pa kupigia.
Ukiufungua, wenzako wanapiga,
na chochote kirukacho kinaingia bila hodi.

Halafu kuna deni.
Maumivu hayamfikii Bawaba papo hapo,
yanaandikwa pembeni ya kioo kwa tarakimu nyekundu,
sekunde sita,
kisha yanadaiwa yote kwa mkupuo.
Mwezi mzima alikufa hivyo:
vita vimekwisha, adui kalala, timu inashangilia,
naye peke yake nyuma ya kontena
anaanguka bila kuguswa na mtu.
"Nani kaniua?"
Nilicheka, nakiri, sinia la tambi mkononi.
"Deni, ajoshi. Umejiua."

Dawa ya deni ni kulipa, sawa,
lakini Bawaba hulipa kwa kusogea mbele.
Kila akimpamiza adui kwa mlango
tarakimu zinashuka;
kila akirudi nyuma kupumua
zinamsubiri hukohuko alikokimbilia.
Alinukuu haya yote kwa penseli
nyuma ya karatasi ya mshahara,
akayahesabu kwa midomo
kama mtoto anayejifunza kusoma.

Usiku mmoja, Novemba, aliniambia bila kuulizwa:
"Ukichomelea, hutazami mwali. Utapofuka.
Unatazama kidimbwi cha chuma
kinachoyeyuka nyuma yake,
kinakwenda wapi, kina haraka gani."
Nikadhani amechoka.
Kumbe ameacha kuwatazama maadui.
Kuanzia hapo alitazama visigino vya wenzake.
Huyu akitaka kufyatua, anasimama kwanza.
Yule mganga akiogopa, anazunguka kushoto,
daima kushoto.

Februari, wale wavulana wakapungukiwa mtu;
mbeba ngao wao kafungiwa na mama yake, mitihani.
Wakamwita kwa kunung'unika.
Kichochoro cha tatu, deni limefika mia saba,
sekunde ya nne.
Mimi nimesimama nyuma yake, maji yanachemka mpaka yanakauka.
Do-yul, wa thelathini na moja, akasimamisha visigino.
Mlango ukafunguka upana wa kiganja.
Risasi moja ikatoka.
Mlango ukafungwa, ukasonga mbele,
ukamkandamiza jitu lao ukutani,
mia saba, mia nne, tisini.
Sifuri.

Do-yul akaruka kitini: "Mmeona nilivyompiga?"
Tuliona.
Hakuna aliyetaja mlango.
Gil-su alikuwa anajifuta miwani kwa pindo la shati,
shingo imelowa jasho kana kwamba ametoka zamu.

Mechi iliyofuata alikufa,
sekunde ya sita, nyuma ya kontena lilelile.
Safari hii alicheka kabla yangu.
Akaniomba yai la pili kwenye tambi,
na alipojipapasa mfukoni akakuta sarafu hazitoshi:
"Andika," akasema.
Nikaandika.